Palepale Ilipozimwa kwa Dakika Nne

Kwanza niwatoe hofu: nchi ninayoisimulia hapa si yenu. Yenu naisikia redioni, ni nzuri mno. Hii ni Jamhuri ya Palepale, nchi ndogo isiyo na bahari wala mlima wa kupigia picha, na mimi, Kasembe, nilikuwa karani wa kumbukumbu katika Wizara yake ya Uthabiti kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kuandika yale wakubwa waliyopaswa kusema, huku wao wakisema mengine.

Nchi nyingine zina shaba, zina kahawa, zina gesi. Sisi tulikuwa na uthabiti. Tuliuchimba kila siku na haukuisha. Fahari yake ilikuwa Mtambo, kompyuta moja kubwa iliyokaa chumba cha chini cha Wizara yetu, ikiendeshwa na mfumo uitwao Linux, toleo lililozinduliwa na Mtukufu Mlezi wa Taifa mwenyewe siku alipotimiza miaka sabini na minane. Aliukatia Mtambo utepe, akaupapasa ubavuni kama ng'ombe wa maziwa, akasema, "Huu usibadilike." Sentensi hiyo ikawa sheria kabla hajashuka jukwaani. Nakala yake niliipiga chapa mimi.

Kompyuta nyingine zote za serikali zilikuwa vioo tu vyenye nyaya zinazoelekea kwenye Mtambo: za mpakani, za taa za barabarani, za vitambulisho, za hospitali. Na tangu siku ile ya utepe Mtambo haukuwahi kuzimwa hata sekunde. Juu ya mlango wa Wizara palikuwa na ubao wa taa uliohesabu siku hizo, na kila zilipotimia mia moja shule zilifungwa, watoto wakapita kwa gwaride wakiimba "Haujazimwa, hautazimwa." Mambo haya yalipoanza ubao ulisoma 2,209.

Walikuwapo walalamishi waliosema Mtambo unaganda. Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Mgando, aliwajibu bungeni kwa ufupi: "Kuganda ndiyo hatua ya juu kabisa ya uthabiti." Wabunge walipiga meza kwa dakika saba. Nilihesabu, maana ndiyo kazi yangu.

*

Hospitali ya Wazazi iko mkabala na Wizara. Unavuka barabara tu umefika. Mwaka ule ilipata msaada wa mashine kumi na mbili za kuangalia pumzi za watoto njiti. Mtoto njiti, kwa wasiojua, ni aliyezaliwa kabla ya siku zake, na ana tabia moja ya hatari: husahau kupumua. Amelala vizuri, kifua kinapanda kinashuka, mara kimya. Ukimgusa unyayo anakumbuka. Mashine hulia pale anaposahau. Pasipo mashine, yabaki macho ya muuguzi.

Muuguzi mkuu wa wodi ile alikuwa Sista Pelagia, mama wa umbo kubwa na sauti isiyohitaji kipaza. Aliunganisha mashine zake zote, akakaa mbele ya kioo akisubiri. Kioo kikaandika: HAKUNA KIFAA. Akapiga simu Wizarani, nikapokea mimi.

"Baba, ninavyo vifaa kumi na viwili hapa. Naviona, kimoja nimekigonga kwa kichwa. Huo Mtambo wenu una macho?"

Nilimpeleka Bi Raziki Mwinchumu, fundi wetu wa pekee. Walikuwapo mafundi tisa zamani, lakini wanane walipandishwa vyeo wakawa wasemaji. Bi Raziki hakupandishwa kwa sababu alikuwa na kasoro: ukimuuliza swali, alijibu swali lile lile. Nikaongozana naye kubeba daftari.

Alikagua nyaya, akabonyeza hapa na pale, akavua miwani.

"Mashine zako ni nzima, Sista. Shida ni kiini."

"Kiini cha nini?"

"Cha mfumo unaoendesha Mtambo. Ndani kabisa kuna kiini, na kazi yake ni kama ya bawabu. Kifaa kikibisha hodi, kiini ndicho kinachokitambua na kukifungulia mlango. Sasa kiini chetu kina orodha ya wageni ya miaka sita iliyopita. Mashine zako zina miaka miwili."

"Kwa hiyo zinabisha hodi, bawabu anasema hazijazaliwa."

"Hivyo hivyo."

"Basi leteni toleo jipya la mfumo."

Bi Raziki aliutazama ubao wa taa kupitia dirishani. "Toleo haliguswi, Sista. Lakini wanaolitengeneza hawakututupa. Wametoa kiini kipya kwa ajili yetu tuliobaki kwenye toleo la zamani. Toleo linabaki lile lile, jina lile lile, mafaili yale yale. Unaingiza kiini tu, unazima, unawasha. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Sasa unangoja nini?"

"Kibali."

Sista Pelagia alijishusha taratibu kwenye kiti. Nyuma yake wauguzi watatu walikuwa wakizunguka vitanda kumi na viwili bila kusimama, kama watu wanaochemsha sufuria kumi na mbili za maziwa kwa mpigo. "Ijumaa ijayo Mtukufu anakuja kuzizindua," alisema. "Mimi uzinduzi sijali. Wasichana wangu hawajakaa chini tangu juzi. Mmoja akipiga chafya, mtoto anaweza kupotea hapo."

*

Kamati ya Taifa ya Mabadiliko Yasiyobadilisha Kitu ilikutana Jumatano. Aliyeanza alikuwa afisa wa usalama, aliyetaka kujua kiini hicho kimezaliwa wapi na wazazi wake ni kina nani.

"Kimeandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi, afande," alisema Bi Raziki. "Na yeyote anaweza kukisoma chote."

"Yeyote?" Afisa aliweka kalamu chini. "Siri yake iko wapi?"

"Hakina siri."

"Kitu kisicho na siri," alisema afisa, akiwatazama wajumbe mmoja mmoja, "kinaficha nini?"

Ndipo Waziri Mgando aliposimama, akafunga kifungo cha koti, ishara kwamba atazungumza kwa ajili ya vizazi. "Ndugu wajumbe! Leo tunaambiwa tubadilishe kiini. Kiini tu, wanasema. Kesho wataomba ute. Keshokutwa ganda. Na siku yai zima litakapokuwa limekwenda, nani kati yenu atasimama mbele ya Mtukufu kumweleza kuhusu kuku?"

Hakuna aliyekuwa tayari kumweleza Mtukufu kuhusu kuku. Nilianza kuandika "ombi limekataliwa" ili kuokoa muda, ndipo Waziri wa Elimu akainua kidole.

"Hiki kiini tulicho nacho ni namba ngapi?"

"Tano nukta nne," alijibu Bi Raziki.

"Na hicho kipya?"

"Tano nukta kumi na tano."

Waziri wa Elimu aliandika namba mbili kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, akaziangalia kwa muda. Uso ukamchanua. "Waheshimiwa, mbona tunahangaika? Nukta moja tano ni ndogo kuliko nukta nne. Hii ni hesabu ya darasa la sita. Huku si kupanda hata kidogo. Ni kushuka!"

Karatasi ilizungushwa mezani. Kila mjumbe aliitazama akaitikia kwa kichwa kama aliyelijua hilo tangu mwanzo. Bi Raziki alifungua mdomo kueleza kwamba namba za matoleo hazisomwi hivyo, kwamba kumi na tano inakuja baada ya nne. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Sikuwahi kufanya kitu kama hicho katika miaka kumi na tisa. Mguu wangu ulikwenda wenyewe.

Mwanasheria wa Kamati alikuwa tayari amefungua kitabu. "Sheria inakataza kwenda mbele bila idhini," alisema. "Kurudi nyuma hakukukatazwa popote. Kwa kweli kuna kifungu kinachokuhimiza."

"Bi Raziki," alisema Waziri Mgando kwa ukali, "unaithibitisha hesabu hii?"

Bi Raziki alinitazama, akautazama mguu wake. "Mheshimiwa, mimi ni fundi wa kompyuta tu. Hesabu nawaachia waheshimiwa."

Kibali kikatoka kwa kauli moja, pamoja na pongezi kwa fundi aliyejitolea kuirudisha nchi nyuma kizalendo.

*

Alhamisi asubuhi Bi Raziki alikipakua kiini na kukiingiza kwenye Mtambo. Alipomaliza aliuuliza Mtambo unatumia kiini gani, nao ukajibu kwa utulivu: 5.4.

"Kipya kimeingia," aliniambia, "ila kimekaa barazani. Cha zamani kinaachia kiti pale tu utakapozima na kuwasha."

Tukapanda kwa Waziri. Alikuwa akijaribu tai ya uzinduzi mbele ya kioo.

"Kuzima?" alisema.

"Kwa dakika nne tu, Mheshimiwa."

"Binti, unajua serikali ikizimwa dakika nne inaitwaje? Inaitwa mapinduzi. Mengine yamechukua dakika tatu!"

"Lakini kesho Mtukufu atazindua mashine zilizolala."

Waziri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ilimfanya awe mbunifu kupita kiasi. Alitembea mpaka dirishani, akarudi akitabasamu. "Kila mashine tutaiwekea muuguzi nyuma yake. Mtukufu akipita, muuguzi anasema: pii. Hivi. Pii. Pii. Sauti nyembamba, yenye nidhamu." Akanigeukia. "Kasembe, jaribu."

Nikasema pii. Akasema ninapiga pii kama mstaafu.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mtukufu Mlezi alifika wodini na Baraza zima la Mawaziri, watu kumi na wawili waliovaa suti za rangi moja, pamoja na kamera za Televisheni ya Taifa. Alikuwa na miaka themanini na minne, mdogo wa mwili, mwenye fimbo na macho ya mtu aliyechoka kusimama watu wanapoimba. Akatazama mashine.

"Mbona hazilii?"

"Zimenyamaza kwa heshima, Mtukufu," alisema Waziri Mgando, akiwakonyeza wauguzi. Wauguzi hawakumwona. Walikuwa wameinama vitandani, na Sista Pelagia alikuwa amekwisha kumwambia mlangoni kwamba wasichana wake wakisema pii, hakuna atakayehesabu pumzi.

"Heshima gani!" alisema Sista sasa, kwa sauti ile. "Hazifanyi kazi, Mtukufu. Mtambo hauzitambui, na hawa mabwana wanaogopa kuuzima dakika nne ili uzitambue. Mimi nina watoto kumi na wawili na..."

Hakumaliza. Muuguzi mmoja alipiga kelele upande wa dirishani, na papo hapo kifua cha mtoto aliyekuwa mbele yetu nacho kikatulia. Sista aliunyosha mkono mmoja akamsugua mtoto unyayo mpaka akashtuka na kuvuta pumzi. Kisha akamshika Mtukufu Mlezi wa Taifa kwenye kiwiko.

"Baba, shika hapa. Unyayo. Macho yako kwenye kifua. Kikitulia, msugue hivi. Usizungumze na mtu." Akakimbilia dirishani.

Walinzi walitazamana. Katika mafunzo yao hakukuwa na somo la hili. Mtukufu aliiachia fimbo yake ikaanguka, akaushika unyayo ule uliokuwa mdogo kuliko kidole gumba chake, akainama.

"Na ninyi!" Sista alirudi akipangusa jasho. "Mmekuja wangapi? Kumi na wawili? Nawa mikono. Sabuni ile pale. Wewe mwenye tai, namba tano. Wewe, namba saba. Mwalimu, njoo namba tisa."

Baraza la Mawaziri likavua makoti na kupanga foleni kwenye bomba. Mmoja tu hakupata mtoto, wa Nishati, kwa kuwa wa kwake alikuwa kwa Mtukufu. Akaambiwa ashike taulo. Wauguzi watatu wakakaa chini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mmoja akalala papo hapo akiwa ameegemea ukuta, mbele ya kamera. Nimeandika kumbukumbu za vikao zaidi ya mia nne vya Baraza, na hiki ndicho pekee ambacho hakuna waziri aliyemkatiza mwenzake. Ilisikika minong'ono tu.

"Wangu anapumua."

"Wangu pia. Amepiga mwayo!"

"Nyamaza, utamwamsha. Au aamke? Sista, kuamka ni vizuri?"

Waziri Mgando alikuwa namba tano, binti wa gramu elfu moja na mia moja ambaye bado hakuwa na jina. Alimshika kama mtu aliyepewa karatasi yenye unyevu. Dakika ya ishirini hivi nilimwona akinyanyua kichwa.

"Amesimama," alisema. "Sista, amesimama! Hapumui!"

"Msugue!"

"Nimemsugua!"

"Tena! Kwa nguvu kidogo! Mwite!"

"Nimwite nani? Hana jina!" Akainama mpaka pua yake ikakaribia kumgusa. "Mama. Mama mdogo. Haya, mama. Tafadhali." Akausugua tena ule unyayo. Mimi nilijikuta nimebana pumzi, kana kwamba naweza kumpa zangu.

Binti alikunja uso kama aliyeonja ndimu, akavuta hewa, akalia.

Mheshimiwa Dakta Mgando alilia pia. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye tai ya uzinduzi, mbele ya kamera, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Kasembe!" alipiga yowe. "Kimbia! Mwambie azime!"

"Azime nini, Mheshimiwa?" Kazini kwetu maagizo lazima yawe kamili.

"Serikali! Zima Serikali!"

Kisha akakumbuka nani yupo chumbani, akageuka polepole. Mtukufu hakuwa ameondoa macho kwenye kifua cha mtoto wake.

"Umesikia," alisema. "Mbona bado umesimama?"

*

Nina miaka hamsini na mmoja na magoti ya mtu wa ofisini, lakini nilivuka barabara ile kama swala. Bi Raziki alikuwa amekaa mbele ya Mtambo tangu asubuhi, mkono tayari.

"Wamesema uzime."

"Nani amesema?"

"Wote!"

Akabonyeza. Feni za Mtambo zilishuka sauti, zikapumua, zikanyamaza. Ubao wa taa juu ya mlango ukazimika. Palepale haikuwa na serikali.

Ripoti za dakika zile nne nilizikusanya mwenyewe baadaye. Taa za barabarani zilizimika, madereva wakapishana kwa kupungiana mikono. Mpakani, afisa aliyekosa kioo cha kutazama alimtazama msafiri usoni, akagundua ni jirani yake wa miaka kumi, akampitisha. Kwenye ofisi ya vitambulisho kulikuwa na mzee aliyesajiliwa kuwa marehemu tangu mwaka juzi. Karani alichukua kalamu akamwandika hai, yakaisha. Redio ya Taifa, ikiwa haina taarifa ya kusoma, ilipiga muziki. Sokoni watu walidhani ni sikukuu, na kwa kuwa hakuna aliyekanusha, ikawa.

Mtambo ulipowashwa, kioo kilionyesha mistari miwili: kiini kipya na kiini cha zamani.

"Cha zamani bado kipo?" niliuliza.

"Hakifukuzwi. Kipya kikishindwa, tunarudi kwa mzee." Akachagua kipya.

Maandishi yalikimbia kwenye kioo kama siafu. Dakika ya tatu yakasimama. Kilibaki kijistari kimoja kinachopepesa. Bi Raziki aliuma mdomo.

"Kimeganda?"

"Sijui."

"Huwa kinachukua muda gani?"

"Kasembe, usiniulize. Nitakujibu."

Kijistari kikapepesa. Kisha mstari ukatokea: kifaa kimoja kimetambuliwa. Kisha cha pili. Cha tatu, cha nne, vikaja vimefuatana, na tulikuwa tunavihesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea, sita, saba, nane, na kwenye kumi na mbili Bi Raziki alipiga kigelegele ambacho Wizara ya Uthabiti haikuwahi kukisikia. Kutoka ng'ambo ya barabara, kupitia madirisha ya wodi, zilikuja sauti za mashine, pii za kweli, kila moja kwa wakati wake, bila nidhamu yoyote. Tulikumbatiana tukarukaruka, jambo ambalo kanuni za utumishi hazikulitaja, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria.

Niliporudi wodini mashine zilikuwa zinafanya kazi zote, lakini mawaziri walikuwa hawajabanduka. Sista Pelagia alikuwa akiwabandua mmoja mmoja.

"Achia, mwalimu. Mashine inamwangalia sasa."

"Dakika moja tu, Sista," alisema Waziri wa Elimu. "Amenishika kidole."

*

Alasiri niliandika taarifa rasmi: Serikali haikuzimwa, ilipepesa jicho. Kiini cha zamani kilitunukiwa nishani na kupewa cheo cha Kiini Mstaafu, kikiruhusiwa kuishi ndani ya Mtambo na heshima zake zote. Mama wa yule binti wa namba tano alimpa jina la Tulizo. Waziri Mgando alipeleka blanketi mbili, zote kubwa mno.

Jumatatu Bi Raziki aliitwa Ikulu, nami niliitwa kuandika. Alikuja na mkoba wenye mswaki na kanga ya akiba, maana wengi walioitwa Ikulu walilala kwingine. Tulimkuta Mtukufu ameketi kwenye kiti cha chini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Akawatoa walinzi nje.

"Mwanangu," alisema, "nimeambiwa toleo halikubadilika."

"Halikubadilika, Mtukufu."

"Jina lile lile. Sura ile ile."

"Ndiyo."

"Ila kiini chake ni kipya, na sasa linaona vitu ambavyo halikuwa linaviona."

"Ndiyo, Mtukufu."

Aliitazama miguu yake majini. "Na mtu je? Mtu wa miaka themanini na minne. Toleo la zamani, silikatai. Anaweza kuwekewa kiini kipya?"

Kalamu yangu ilisimama. Nilitamani kumkanyaga Bi Raziki mguu, lakini alikuwa mbali nami, na alikuwa ameulizwa swali.

"Inawezekana, Mtukufu," alisema. "Lakini lazima azimwe kwanza."

Nje ya mlango niliwasikia walinzi wakibadilishana zamu. Mtukufu alichezesha vidole vya miguu majini.

"Dakika nne?"

"Mtu huenda akahitaji zaidi kidogo."

"Na wakati huo, nani atatawala?"

"Ijumaa hakutawala mtu, Mtukufu. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshika unyayo."

Mzee alimkodolea macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha tumbo, kisha beseni, mpaka maji yakamwagika kwenye zulia na walinzi wakaingia mbio, silaha mkononi, wakamkuta Mlezi wa Taifa ameshika mbavu, machozi yanamtoka, akiwapungia mkono watoke, watoke, wamwache kidogo.

Katika kumbukumbu rasmi nimeandika kwamba Mtukufu alikohoa.